Afya ya Vijana (2): Vilevi na Mwanafunzi wa Ukanda wa Dhahabu

Kilevi ni kitu chochote ambacho kikiingia mwilini hubadili utendaji wa ubongo. Vinavyomfikia kwa urahisi mwanafunzi wa Shinyanga na Geita ni pombe za kienyeji kama wanzuki na gongo, pombe kali za vichupa, bangi, sigara, ugoro na kuberi, tumbaku ya pakiti inayowekwa chini ya mdomo.

Njia kuu ya vilevi hivyo ni machimbo. Mbali na migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu, wako wachimbaji wadogo katika maeneo ya Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu, Mwakitolyo na kwingineko. Mtoto anayekwenda huko baada ya vipindi hubeba mawe, huchota maji, hutwanga au huosha mchanga mialoni, yaani sehemu za kuoshea dhahabu, na hulipwa siku hiyohiyo. Jioni ana fedha mfukoni, amechoka, na yuko kati ya watu wazima wanaoamini kwamba bangi huondoa woga wa kushuka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, na pombe huondoa uchovu. Hivyo kilevi humfikia kama kitendea kazi kabla hakijawa starehe.

Imani hiyo huua. Bangi hupunguza umakini na huvuruga makadirio ya muda na umbali. Pombe hulegeza viungo na kuchelewesha uamuzi. Woga unaoondolewa ndio ambao ungemfanya kijana aone ufa kwenye ukuta wa duara au kamba iliyochakaa. Gongo lina hatari ya ziada: likiwa na methanoli, huharibu mshipa wa fahamu wa jicho, na mnywaji anaweza kupofuka au kufa.

Madhara ya darasani huja polepole. Ubongo huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, na sehemu ya mbele, inayopima matokeo na kuzuia pupa, hukomaa mwisho. Bangi ya mara kwa mara katika umri huo hudhoofisha kumbukumbu, na nikotini iliyomo katika kuberi na ugoro hujenga uraibu kwa kijana haraka kuliko kwa mtu mzima.

Njia ya pili ni gheto, chumba anachopanga mwanafunzi ambaye kwao ni mbali na shule ya kata. Hakuna mzazi wa kuuliza amerudi saa ngapi. Kwa msichana hatari huongezeka, kwani lifti ya bodaboda na zawadi ndogondogo huweza kufuatiwa na kinywaji, na aliyeleweshwa hana nguvu ya kujitetea.

Sheria ipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtu wa chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inakataza kumuuzia pombe au sigara. Pombe za viroba, yaani za vifuko vya plastiki, zilipigwa marufuku kuanzia Machi 1, 2017. Bangi na mirungi zimo katika sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015.

Kinga ya kila siku ni tabia. Mwanafunzi atembee na wenzake, aseme anakokwenda, asinywe kinywaji kilichofunguliwa na mwingine, na awe na jibu fupi la kukataa. Mzazi aulize fedha zimetoka wapi. Mwalimu atazame usingizi wa darasani, utoro wa siku za gulio na alama zinazoshuka ghafla. Msaada hupatikana bure kwa namba 116 ya huduma kwa mtoto, na taarifa za wauzaji wa dawa za kulevya hupelekwa namba 119.

Bodi za shule nazo zipime adhabu zao. Mwanafunzi anayefukuzwa kwa kukutwa na bangi huenda moja kwa moja machimboni, ilikotoka bangi hiyo. Abaki shuleni, akabidhiwe kwa mwalimu wa malezi na ushauri nasaha, na mzazi wake aitwe siku hiyohiyo.