Wati za Karatasi na Wati za Jua
Mnunuzi wa Tunduma aweza kukuta paneli mbili za sola zilizoandikwa wati 100, moja ikiwa nusu ya bei na nusu ya ukubwa wa mwenziwe. Aamini ipi? Tunamnasihi achukue futikamba kabla ya kusoma karatasi. Jua kali la mchana huleta takriban wati 1,000 kwa mita moja ya mraba, na paneli nzuri hunasa kiasi cha sehemu 1 kati ya 5. Basi wati 100 hudai karibu nusu mita ya mraba. Iliyo kama sinia haizitoi. Mtume (S.A.W.) alimhoji mwenye lundo la chakula kwa nini kilicholowa hakukiweka juu kionekane. Muuzaji akikataa paneli ipimwe juani, mnunuzi arudi na fedha zake.