Namba ya Oksidisho: Hesabu ya Elektroni na Mzigo wa Istilahi

Istilahi "oksidisho" huwapotosha wengi tangu mwanzo. Kwa kuwa imejengwa juu ya jina la oksijeni, mwanafunzi hudhani kwamba pasipo oksijeni hapana oksidisho. Hapo kale maana ilikuwa hiyo: elementi kuungana na oksijeni, mithili ya chuma kinaposhika kutu. Siku hizi maana imepanuka, nayo ni kupoteza elektroni. Sodiamu inapokutana na klorini na kuwa chumvi ya mezani, sodiamu imeoksidishwa ilhali oksijeni haikuwapo.

Namba ya oksidisho, basi, ni chaji ambayo atomu ingekuwa nayo iwapo elektroni za kila kifungo zingehesabiwa kuwa mali ya atomu yenye mvuto mkubwa zaidi. Kiambishi "-nge-" katika fasili hii si pambo. Ndicho kinachobeba dhana nzima. Katika maji, hidrojeni hupewa +1 na oksijeni −2, lakini hakuna atomu ya hidrojeni iliyopokonywa elektroni yake kabisa. Atomu hizo hushirikiana elektroni, ingawa si kwa usawa. Chaji ya ioni ni jambo halisi linalopimika, ilhali namba ya oksidisho ni hesabu ya kudhania tu. Anayeyaita yote mawili "chaji" huchanganya ushahidi na sharti.

Kanuni zenyewe ni chache. Elementi isiyoungana na nyingine hupewa sifuri. Katika kampaundi, florini daima huwa −1, sodiamu na potasiamu +1. Hidrojeni aghalabu huwa +1, na oksijeni aghalabu −2. Jumla ya namba zote huwa sifuri katika kampaundi, na katika ioni hulingana na chaji yake.

Magadi ya Ziwa Magadi yana kaboneti ya sodiamu, Na₂CO₃. Sodiamu mbili huleta +2, oksijeni tatu −6. Kaboni hubakiwa na +4. Katika ioni ya permanganeti, MnO₄⁻, oksijeni nne huleta −8, na kwa kuwa jumla sharti iwe −1, manganizi hupata +7. Katika dikrometi, Cr₂O₇²⁻, kromiamu zote mbili kwa pamoja hupata +12. Hapa ndipo wengi hukwama: wasipogawa kwa mbili, hukosa jibu la +6.

Neno "aghalabu" nalo lisipuuzwe. Katika H₂O₂ oksijeni ni −1, na katika OF₂ ni +2, kwa sababu florini huishinda kwa mvuto. Fe₃O₄ hutoa 8/3 kwa kila atomu ya chuma. Hakuna theluthi ya elektroni inayopotea. Hiyo ni wastani wa atomu mbili za +3 na moja ya +2.

Mwaka 1919 Mjerumani Alfred Stock alipendekeza namba hizi ziandikwe ndani ya majina; siku hizi huandikwa kwa tarakimu za Kirumi, kama vile oksidi ya chuma(III), yaani Fe₂O₃. Maandishini hakuna tatizo. Likitamkwa "chuma tatu", sikio la Mswahili husikia wingi uliokosa upatanisho, kana kwamba ni vyuma vitatu, hali atomu za chuma ni mbili. "Chuma cha tatu" nacho kingeashiria mpangilio. "Oksidi ya chuma chenye oksidisho tatu" ni refu, ila halimdanganyi msikilizaji.