Sampuli ya Mgonjwa Haivuki Mpaka Bila Kibali



Mgonjwa anapotolewa damu, usaha au makohozi, wengi hudhani kwamba habari za kile kichupa huishia maabara. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Sampuli hupimwa, majibu huandikwa, na kinachobaki huteketezwa. Lakini pale ambapo kuna utafiti wa chuo kikuu, sehemu ya sampuli huweza kutunzwa na kusafirishwa mbali, hata ng'ambo. Mwezi huu tuzungumze juu ya sheria za safari hiyo. Jambo hili linawahusu vijana wetu wanaosoma sayansi, watumishi wa maabara, na kila mtu anayeombwa kushiriki katika utafiti.

Kwa nini kichupa kidogo kiwe na sheria kubwa?

Tuchukue mfano wa tauni. Ugonjwa huu huletwa na bakteria aitwaye Yersinia pestis, anayeishi katika panya na kuenezwa na viroboto. Mgonjwa hupata homa kali ya ghafla, na mitoki yenye maumivu kwenye kinena, kwapa au shingo. Asipotibiwa anaweza kufa. Tauni ikiingia mapafuni huambukiza kwa njia ya kukohoa, na bila dawa mgonjwa karibu kila mara hufariki. Watu wa Wilaya ya Lushoto wanaifahamu, maana ilianza kuwasumbua mwaka 1980 na ikarudi mara nyingi katika miaka iliyofuata.

Katika maabara bakteria hao huoteshwa, wakawa wengi sana ndani ya kichupa kimoja. Mtafiti huwatumia kutafuta dawa. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuwatumia kuua. Ndiyo maana mataifa yalikubaliana katika mkataba wa mwaka 1972, ulioanza kufanya kazi mwaka 1975, kwamba vijidudu visifanywe silaha. Tangu mwaka 1985 nchi kadhaa zimekuwa na ushirika uitwao Australia Group. Hizi hulinganisha orodha za vitu ambavyo havitakiwi kutoka nchini bila leseni, na tauni imo katika orodha hizo. Baadaye, mwaka 2004, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliagiza kila nchi iwe na sheria za kuzuia vitu vya namna hiyo visifike mikononi mwa waovu.

Kesi iliyoigusa Tanzania

Mtaalamu wa tauni wa Chuo Kikuu cha Texas Tech, Marekani, Daktari Thomas Butler, alishirikiana na madaktari wa Tanzania katika utafiti wa kutibu ugonjwa huo. Sampuli kutoka kwa wagonjwa wa huku zilipelekwa katika maabara yake. Mwezi Septemba 2002 alirudisha baadhi ya vichupa vya bakteria Tanzania kwa kampuni ya kusafirisha vifurushi. Hakuwa na leseni ya Wizara ya Biashara ya Marekani, na hati ya kifurushi ilitaja tu kwamba ndani mna vifaa vya maabara.

Januari 2003 alitoa taarifa kwamba vichupa 30 vya tauni havionekani katika maabara yake. Wakati huo Marekani ilikuwa bado na hofu, kwa sababu mwaka 2001 barua zenye vijidudu vya kimeta ziliua watu 5. Wapelelezi wengi walifika, na daktari akakamatwa. Desemba 2003 mahakama ilimtia hatiani kwa makosa 47 kati ya 69. Mengi yalihusu fedha na mikataba ya utafiti. Matatu yalihusu kile kifurushi cha Tanzania. Shitaka la kuingiza tauni Marekani kwa magendo halikuthibitika. Mwaka 2004 alihukumiwa kifungo cha miaka 2.

Wanasayansi wengi walimtetea, wakasema ameadhibiwa kupita kiasi. Nao utafiti wenyewe ulizaa matunda. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006. Wagonjwa 65 nchini Tanzania walitibiwa kwa gentamicin au doxycycline, na zaidi ya 9 kati ya kila 10 walipona. Doxycycline ni dawa ya kumeza, kwa hiyo ni msaada mkubwa kwa zahanati iliyo mbali.

Tuangalie basi jambo lenyewe. Mtu huyu hakupeleka tauni kwa adui. Aliirudisha ilikotoka, kwa wenzake wa kazi. Hata hivyo sheria ilimkamata, kwa kuwa leseni haiulizi kama nia yako ni njema tu. Inataka ijulikane nani anatuma, nani anapokea, ni kitu gani na ni kwa kazi gani. Kifurushi kikipotea au kikipasuka njiani, mpakizi na dereva wana haki ya kujua wanashika nini.

Utaratibu ni upi?

1. Kibali cha utafiti. Hapa Tanzania utafiti wa afya za watu hupitishwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979.

2. Mkataba wa kuhamisha sampuli. Huu hutiwa sahihi na anayetoa na anayepokea, ukieleza idadi ya sampuli, kazi yake, na zitafanywaje kazi ikiisha.

3. Leseni za pande zote mbili. Nchi inayotoa ina masharti yake, na inayopokea ina yake. Kibali cha upande mmoja hakitoshi.

4. Kufunga kwa tabaka tatu. Kwanza kichupa kisichovuja, kilichozungushiwa kitu cha kunyonya majimaji. Pili chombo kingine kisichovuja. Tatu boksi gumu la nje.

5. Kuandika ukweli juu ya boksi. Sampuli za kawaida za vipimo hubeba alama UN 3373. Vijidudu vya hatari kubwa vinavyodhuru binadamu, kama tauni iliyooteshwa, hubeba UN 2814.

6. Daftari. Kila kichupa kihesabiwe kinapoingia, kinapotoka na kinapoteketezwa. Kikikosekana, toa taarifa siku hiyo hiyo.

Ndugu mwanafunzi, mgeni au hata mwalimu wako akikuomba umbebee vichupa katika begi la safari, mwombe kwanza akuonyeshe karatasi hizo. Kama hazipo, kataa kwa heshima. Jina litakaloandikwa kwenye jalada la forodha ni lako.

Nawe unayeombwa sampuli

Una haki ya kuuliza: Sampuli yangu inakwenda wapi? Itatunzwa muda gani? Majibu yatarudi hapa kwetu? Nani ametoa kibali? Mtafiti mwaminifu hatakasirika. Atakueleza kwa lugha unayoielewa kabla ya kukuomba sahihi au dole gumba. Unaweza kukataa, au kujitoa baadaye, na matibabu yako yasipungue hata kidogo.

Lakini tusiwakimbie watafiti. Wale wagonjwa 65 walikubali kushiriki, na leo wengine wanatibiwa kwa kile kilichojulikana kwao. Kufuata kibali na kuandika ukweli kwenye boksi ni sehemu ya kuwaheshimu watu waliotoa damu yao.

Mwisho, tusisahau nyumba zetu. Ukiona panya wengi wanakufa ovyo, usiwashike kwa mikono, toa taarifa kwa Bwana Afya. Mwenye homa ya ghafla na mitoki apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.