Amri za modemu bado zinatii

Zamani intaneti ilipopatikana kwa kupiga simu, mtu wa Machakos aliyetaka kusoma barua pepe alifungua programu ya mawasiliano, akaandika AT, akabonyeza Enter. Modemu ikijibu OK, iko macho. Kisha ATDT na namba ya kampuni ya intaneti. Kampuni nyingi zilikuwa Nairobi, basi namba ilianza na 02, msimbo wa jiji wakati huo, na simu ikahesabiwa ya masafa. Kila dakika ilikuwa pesa.

Herufi T iliagiza upigaji wa milio. Mitambo ya kizamani ilitaka P. Modemu zilizotengenezewa soko la Marekani nazo zilisumbua: zikikosa mlio wa laini ziliouzoea, zilikataa kupiga na kuandika NO DIALTONE. Dawa yake ni ATX3, yaani piga tu, usingoje mlio.

Kukata simu ndiko kulikokuwa na ujanja. Waya ni mmoja kutoka kompyuta hadi modemu, unapitisha amri na data vilevile. Ukishaunganishwa, ukiandika ATH, herufi hizo zinasafiri hadi upande wa pili kama maneno mengine yoyote, na bili inaendelea kupanda. Kampuni ya Hayes ya Georgia, Marekani, iliyotoa Smartmodem mwaka 1981, ililitatua tatizo hilo hivi: nyamaza sekunde moja, andika +++ mfululizo, nyamaza tena sekunde moja. Modemu itajibu OK bila kukata simu, na sasa ATH itasikika. Kinga ni ule ukimya, kwa kuwa data inayomiminika ni nadra kukaa kimya kabla na baada ya alama hizo tatu.

Hayes iliuwekea ukimya huo hataza, na baadhi ya washindani, wakikwepa kulipia, wakaunda modemu zisizousubiri. Ubahili huo uliwaponza wateja. Mtundu alituma pingi, ujumbe wa kupima kama kompyuta inajibu, yenye maneno +++ATH0; kompyuta ya mlengwa, kwa kufuata kanuni, ikayarudisha maneno yaleyale kupitia modemu yake, nayo ikatii na kukata simu. Kujikinga uliandika ATS2=255, ukaizima kabisa amri ya +++.

Msidhani lugha hii imezikwa. Modemu nyingi za USB zinazotumia laini ya simu ya mkononi bado zinaielewa. Fungua programu ya kuandikia amri, chagua tundu lake, andika AT+CSQ. Ukiona +CSQ: 9,99, tazama namba ya kwanza: hupanda kutoka 0 hadi 31, na 9 ni mtandao dhaifu. Ile 99 ya pili si hitilafu. Ina maana kipimo cha pili hakijulikani tu. Ikiwa nyumba yako imejibanza nyuma ya vilima vya Iveti, ichomeke modemu kwenye waya mrefu wa USB, isogeze dirishani, kisha rudia amri. Namba ikipanda hadi 15, ifunge hapo hapo.