Unene uliopitiliza: kabla hujapanda basi kwenda kupiga picha

Rungwa iko kusini mwa Mkoa wa Singida, mahali barabara ya kutoka Itigi inapokutana na ile inayotoka Tabora kwenda Chunya na Mbeya. Mkazi wa huku akiambiwa "nenda kapige picha", ana safari ya zaidi ya kilometa 100 kukata msitu hadi Itigi, iliko Hospitali ya Mtakatifu Gaspari. Tatizo likiwa kubwa zaidi, anaweza kusogezwa hadi Dodoma, kwenye Hospitali ya Benjamin Mkapa. Nauli, malazi na siku za shamba zinazopotea ni sehemu ya gharama ya kipimo, ingawa hazionekani kwenye risiti. Kwa hiyo kabla ya kufunga safari, mgonjwa anapaswa kujua picha anayotumwa kupiga inajibu swali gani.

Wengi bado wanaona unene ni shida ya watu wa Dar es Salaam. Takwimu za taifa zinasema vingine. Mwaka 1991/92, wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliokuwa na uzito mkubwa au unene uliopitiliza walikuwa asilimia 11. Kufikia 2015/16 walikuwa asilimia 28. Ongezeko la namna hiyo haliwezi kuwa la jiji moja peke yake.

Kuujua unene wenyewe hakuhitaji mashine ya picha. Chukua uzito kwa kilo, ugawe kwa kimo cha mita kilichozidishwa kwa kimo hichohicho. Mama mwenye kilo 85 na kimo cha mita 1.58 anapata 34. Kuanzia 25 ni uzito mkubwa, kuanzia 30 ni unene uliopitiliza. Kisha chukua futi ya fundi cherehani upime kiuno. Kwa mwanamke hatari huanza kupanda kwenye sentimita 80 na huwa kubwa kuanzia 88. Kwa mwanamume ni 94 na 102. Kiuno kina maana yake, kwa sababu mafuta yaliyojificha ndani ya tumbo, yakizunguka ini na utumbo, yana madhara zaidi kuliko yale ya mapajani. Ongeza kipimo cha presha na cha sukari, vinavyopatikana kwenye zahanati na vituo vya afya, na sehemu kubwa ya uchunguzi umeshaifanya bila kutoka kwenye kata yako.

Picha zinaingia pale daktari anapotaka kujua unene umefanya nini kwenye kiungo fulani.

Tuanze na ini, kwa sababu ndilo linaloumia kimya kimya. Mafuta yakijaa kwenye ini, mtu huwa haumwi popote, na hata vipimo vya damu vya ini vinaweza kutoka vizuri. Altrasaundi huliona ini hilo likiwa jeupe na lenye kung'aa kuliko figo iliyo jirani yake. Ila kipimo hiki kina mipaka miwili. Kwanza, mafuta machache hukipita. Huanza kukamata vizuri pale mafuta yanapofikia kama asilimia 20 hadi 30 ya ini, wakati kitaalamu asilimia 5 tu tayari ni tatizo. Pili, hakiwezi kutofautisha ini lenye mafuta tu na ini lililoanza kuvimba kwa sababu ya mafuta hayo. Kwa hilo la pili kunahitajika kunyofoa kipande kidogo cha ini kikachunguzwe maabara. Majibu yakisomeka "ini lina mafuta", usiyachukulie kama hukumu ya kifo, na usiyapuuze pia.

Jirani ya ini kuna kifuko cha nyongo. Watu wanene, hasa wanawake, hupata mawe humo kwa urahisi zaidi. Dalili yake ni maumivu makali chini ya mbavu za kulia, mara nyingi baada ya chakula cha mafuta, na wengi huyatibu kama vidonda vya tumbo kwa miaka. Altrasaundi hapa ni hodari sana: jiwe huonekana likiwa jeupe na kivuli cheusi nyuma yake. Eksirei ya tumbo si ya kutegemea, kwani mawe mengi ya nyongo hayaonekani humo kabisa. Mtu anayejinyima kula hadi akapungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki naye hujiweka kwenye hatari ya kupata mawe hayohayo.

Magoti ndiyo yanayowaleta wengi hospitali. Eksirei huonyesha nafasi kati ya mifupa: gegedu likilika, nafasi hubana. Picha ya goti inafaa ipigwe mgonjwa akiwa amesimama, uzito wa mwili ukiwa juu ya goti. Akilala, nafasi inaweza kuonekana ya kutosha na ugonjwa ukapita. Kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa karibu kilo nne katika kila hatua.

Kwa moyo, eksirei ya kifua huangalia kama kivuli cha moyo kimezidi nusu ya upana wa kifua. Lakini kwa mtu mnene kivuli hicho hudanganya, kwa kuwa mafuta yanayouzunguka moyo na pumzi fupi huufanya uonekane mkubwa kuliko ulivyo. Eko, ambayo ni altrasaundi ya moyo, ndiyo inayopima unene wa kuta zake, nguvu ya kusukuma damu na hali ya milango yake.

Wanawake waangalie jambo moja zaidi. Unene huongeza hatari ya saratani ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba. Damu inayotoka baada ya hedhi kukoma, hata ikiwa matone, inahitaji altrasaundi ya kupima ukuta huo. Mara nyingi kipimo kinachopita ukeni huona vizuri kuliko cha juu ya tumbo, na kwa mwanamke mwenye tumbo kubwa tofauti hiyo huongezeka.

Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, altrasaundi ya mishipa hutafuta damu iliyoganda: mtaalamu hubonyeza mshipa, na ule usiobonyea una donge ndani. Hilo ni la dharura, kwa sababu donge likikatika huenda kwenye mapafu.

Yapo pia yasiyoonekana kwenye picha yoyote. Presha haipigwi picha, sukari haipigwi picha. Mtu anayekoroma hadi pumzi inakatika, kisha mchana anasinzia akiwa kwenye usukani, anahitaji kupimwa akiwa usingizini.

Unene wenyewe pia huzisumbua mashine. Mawimbi ya altrasaundi yakipita kwenye mafuta mengi hufifia kama taa ya pikipiki kwenye vumbi, hivyo viungo vya ndani huonekana kwa ukungu. Eksirei huhitaji mionzi mingi zaidi ili kupenya. Kitanda cha siti skani nacho kina kikomo cha uzito, na mashine nyingi huishia karibu na kilo 200. Ukiona kwenye majibu kwamba kiungo "hakikuonekana vizuri", usidhani maana yake ni kizima. Muulize daktari kama kuna njia nyingine ya kukiangalia. Siti skani isiombwe kwa mazoea, maana moja ya tumbo inaweza kubeba mionzi ya eksirei za kifua zaidi ya 50, wakati altrasaundi na MRI hazina mionzi ya namna hiyo.

Kwa msafiri wa kutoka Rungwa, maandalizi ni machache lakini yakisahaulika safari hurudiwa. Altrasaundi ya ini na nyongo hufanywa tumbo likiwa tupu kwa saa sita hadi nane, kwa sababu ukila, kifuko cha nyongo hujikunja na mawe hujificha. Mwenye kisukari anayetumia dawa aulize kwanza namna ya kufunga bila sukari kushuka. Eksirei ya goti na eko ya kawaida hazihitaji kufunga. Beba picha na majibu ya zamani, na hakikisha karatasi ya rufaa imeandikwa swali, kwani "maumivu ya mbavu za kulia baada ya kula, je, kuna mawe?" humsaidia mpiga picha kuliko "altrasaundi ya tumbo" peke yake. Wale wanaopita minadani na vifaa vya kushika mkononi, wakidai vinasoma ini, moyo na figo kwa dakika moja, wasikulie nauli yako. Havioni kiungo chochote.

Baada ya picha, dawa kuu inabaki ileile. Kupunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito huweza kutuliza hata uvimbe wa ini. Kwa yule mama wa kilo 85 ni kilo sita hadi nane na nusu. Singida tunajivunia alizeti na asali, na tuna haki, lakini kijiko cha mezani cha mafuta ya alizeti kina karibu kalori 120, na cha asali karibu 60. Mafuta ya alizeti kutokuwa na lehemu (kolesteroli) hakuyafanyi yasinenepeshe.

Basi, ndugu msomaji, wiki hii pima kiuno chako, presha yako na sukari yako hapo ulipo. Vikiwa na walakini, muone mganga akuandikie swali, ndipo ukate tiketi.