Nani Atazirithi Rili za Kale za Mufindi?

Kukusanya rili za kale za kuvulia samaki ni hobi inayozeeka pamoja na wenyewe. Chama cha wakusanyaji hao kinachojulikana zaidi, Old Reel Collectors Association cha Marekani, kilianzishwa mwaka 1990. Waliokijaza ni watu waliovua utotoni kwa rili za baba zao, kisha ukubwani, walipokuwa na fedha mkononi na nafasi nyumbani, wakaanza kuzitafuta zile walizozizoea. Kizazi hicho kinaondoka. Makabati yanabaki kwa watoto na wajukuu ambao hawakuwahi kurusha ndoana, wala hawajui kama walichoachiwa ni mali au mzigo.

Mtu anaweza kudhani kwamba jambo hili haliihusu Igowole. Huu ni mji mdogo wa wilaya ya Mufindi, kwenye barabara inayotoka Nyololo kwenda Kibao na Mgololo, na vijana wake wana hesabu nyingine: shamba la paina, milingoti ya nguzo, bodaboda, kibanda cha simu. Lakini rili zilifika nyanda hizi zamani, na namna zinavyopotea huku inaeleza vizuri kuliko mikutano ya wakusanyaji wa Marekani kwa nini vijana hawaji kwenye hobi hii.

Zilifika na chai. Wajerumani, walioruhusiwa tena kuingia Tanganyika mwaka 1925, ndio waliofungua mashamba ya chai ya Mufindi. Vita ya 1939 ikawang'oa, na mwaka 1940 kampuni ya Brooke Bond ikayashika mashamba hayo. Mameneja wa Kiingereza walikuja na desturi zao za mapumziko, na moja ilikuwa kumvua trauti kwenye maji ya baridi. Trauti si samaki wa asili wa Afrika Mashariki. Ewart Grogan alimpandikiza katika mto Gura nchini Kenya mwaka 1905, na wakoloni wakamsambaza baadaye kwenye mito ya milimani ya Tanganyika, ukiwamo Kiwira kule Rungwe. Kwa kanuni za waliomleta, trauti hakamatwi kwa mgono wala kwa wavu. Anafuatwa kwa fimbo nyembamba, mshipi mwepesi na ndoana iliyovishwa manyoya ifanane na mdudu, na mshipi huo lazima uwe umezungushwa mahali unapoweza kutoka na kurudi bila kujifunga. Hiyo ndiyo kazi ya rili.

Mzaliwa wa Mufindi alikuwapo katika picha hiyo tangu mwanzo, lakini kama mbeba kapu. Yeye alijua samaki kama kitoweo, na akishuka mtoni alishuka ili nyumbani kupikwe. Rili aliishika ili aifute, aitie mafuta na kuirudisha kwa bwana. Kwa hiyo wale mameneja walipoanza kuondoka baada ya Uhuru, na zaidi baada ya Azimio la Arusha la 1967, hakukuwa na mtu wa kuachiwa kwa maana kamili ya kuachiwa. Kitu kiliweza kubaki stoo, kikapewa mpishi au dereva, kikauzwa pamoja na viti na vitanda. Matumizi yake, umri wake na sababu ya kutunzwa kwake havikwenda pamoja nacho. Tangu hapo mashamba yamebadilisha mikono tena: Brooke Bond ilinunuliwa na Unilever mwaka 1984, na biashara ya chai ya Unilever ikaenda kwa kampuni ya CVC mwaka 2022. Kila anapobadilika mwenye shamba, nyumba za zamani husafishwa, na kinachotolewa nje hakiandikwi popote.

Hapa ndipo anapotokea mshindani ambaye wakusanyaji wa Ulaya na Marekani hawamzungumzii sana, naye ni mizani ya chuma chakavu. Rili ya zamani ni shaba, alumini na chuma kidogo. Mnunuzi wa chakavu anapita mlangoni, analipa papo hapo, wala haulizi historia. Mkusanyaji, kama yupo, yuko Iringa mjini, Nairobi au ng'ambo, na hajulikani anapatikanaje. Kati ya hao wawili, mama anayesafisha stoo ya marehemu baba yake atamchagua aliyeko mlangoni, na hakuna haki ya kumlaumu. Sheria nayo haina la kumwambia. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inautazama mwaka 1863 kama mpaka wake mkuu wa umri, na rili ya miaka ya 1930 au 1950 iko mbali sana na mpaka huo. Nasema bila kusita kwamba mjadala wa kuwavuta vijana hauna maana kama vitu vyenyewe vinayeyushwa kabla kijana hajaviona.

Sababu nyingine ni maji. Mtu huanza kupenda rili kwa kuitumia, na huitumia pale penye samaki. Mto Ruaha Mdogo unatoka katika nyanda hizi na kuchangia Ruaha Mkuu, ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka majira ya kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Chanzo kikubwa cha ukame huo ni umwagiliaji wa Usangu, si Mufindi, lakini hata huku juu mabonde yamepandwa milingoti na vijito vingi vimepungua. Samaki anayeliwa Igowole hufika akiwa mkavu au kwenye barafu, kwa wingi kutoka bwawa la Mtera. Kijana wa miaka 20 anaweza kuwa hajawahi kumwona mtu akivua kwa fimbo. Ukimwonyesha rili ataona kigurudumu kizuri cha shaba, basi.

Pwani hali ni tofauti kidogo, na tofauti hiyo inafundisha. Hemingway alivua katika maji ya Kenya mwaka 1934, na klabu ya uvuvi ya mkondo wa Pemba ikaanzishwa Shimoni mwaka 1964. Kule Watamu, Malindi na Shimoni, manahodha na mabaharia wamezifungua rili kubwa za baharini kwa miongo mingi, wakazisuuza chumvi, wakazitia grisi na kubadilisha breki zake. Wapo waliozijua rili za Penn Senator, zilizoanza kutolewa mwaka 1936, kwa kuzisikiliza tu zinavyolia samaki akivuta. Hata hivyo watu hao hawakuitwa wakusanyaji. Mkusanyaji alikuwa mwenye chombo au mgeni aliyekodi chombo. Huko nako ujuzi ulikaa kwa Mswahili na umiliki ukakaa kwa mwingine, na mwenye ujuzi anapostaafu hakuna anayemuuliza. Vivyo hivyo kwingineko Kenya: kuna vijana wanaofunga ndoana za manyoya kwa ajili ya soko la ng'ambo, kwa vidole hodari kuliko vya wavuvi wengi watakaozinunua, ilhali wengi wao hawajawahi kumvua trauti hata mmoja.

Kwa hiyo nikisikia kwamba vijana hawapendi vya kale, siafiki. Tuzitazame rili zenyewe. George Snyder, aliyetengeneza katika Kentucky mwanzoni mwa karne ya 19 rili ya gia ambayo mzunguko mmoja wa mkono uliizungusha bobini mara kadhaa, alikuwa fundi saa. Kampuni ya Abu ya Svängsta, Sweden, ilianza mwaka 1921 kwa kutengeneza saa na mita za teksi. Rili yake maarufu, Ambassadeur, ilitoka mwaka 1952. Mitchell ya Ufaransa ilizaliwa Cluses, mji wa mafundi saa. Hardy ya Alnwick, Uingereza, ilianza mwaka 1872 kama karakana ya bunduki, na mwaka 1891 ikaileta rili iliyoiita Perfect, inayozunguka juu ya gololi. Kwa hiyo rili bora za kale ni mali ya benchi la fundi kabla ya kuwa mali ya mto. Ndani yake mna springi nyembamba kama unywele, meno ya shaba yanayosagana bila kelele, na skrubu ambazo bisibisi ya kawaida huziharibu vichwa.

Sasa tujiulize ni nani Mufindi anayeweza kuifungua rili ya namna hiyo na kuirudisha ilivyokuwa. Zamani angekuwa fundi saa. Meza zake zilikuwa kitu cha kawaida kwenye masoko ya miji yetu: kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, sahani ya petroli, vikopo vya vipuri. Simu ya mkononi imemmaliza, kwa sababu kila mtu anatembea na saa mfukoni. Pamoja na fundi saa tumepoteza mtu pekee katika mji mdogo aliyeweza kuithamini rili kwa macho ya kitaalamu bila kujali kama yeye mwenyewe anavua.

Lakini ile meza haikubaki tupu. Amekaa kijana anayetengeneza simu. Ana bisibisi ndogo kuliko za mwenzake wa zamani, ana kibano, ana kioo cha kukuzia, ana subira ya kupanga skrubu kwa mpangilio ili asizichanganye. Amezoea kufungua kitu ambacho hakina kitabu cha maelekezo. Na kwa kuwa simu za siku hizi zinazidi kugandishwa kwa gundi zisifunguliwe, kazi yake inamnyima utamu wa kuona mashine inavyofanya kazi. Huyu ndiye mkusanyaji kijana wa rili za kale, kama atapatikana, na anakaa pale stendi ya Igowole, si kwenye klabu ya gofu. Nyumba ya bwana ina warithi wake, lakini mrithi wa kifaa hiki ni mwenye mikono inayokiweza.

Mbinu zinazopendekezwa kwa kawaida hazimlengi. Ya kwanza ni kumbukumbu: kumwambia kijana habari za zama nzuri zilizopita. Zama zile hazikuwa nzuri kwa babu yake, aliyebeba kapu, na kumtaka azililie ni kumkosea heshima. Ya pili ni bei. Ni kweli kwamba rili nzuri ya Hardy huuzwa kwa mamia ya pauni katika minada ya Uingereza, na habari hiyo humvutia kijana yeyote. Ila humvutia kama dalali. Atatafuta rili ili aiuze nje, na baada ya miaka michache nyanda hizi zitakuwa zimekombwa. Sipingi mtu kupata riziki. Nasema tu kwamba bei kubwa ya mbali huhamisha vitu, haijengi watunzaji. Ya tatu ni makumbusho, na hii ina uzito zaidi. Iringa Boma, jengo la enzi za Wajerumani lililofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016, limeonyesha kwamba mkoa unaweza kutunza na kueleza vitu vyake bila kungoja Dar es Salaam. Rafu moja ya vifaa vya maisha ya mashamba ya chai, rili zikiwamo, pamoja na maelezo ya waliovitumia na waliovifuta, ingefaa sana. Hata hivyo rili iliyofungiwa kwenye kioo haimfundishi mtu inavyolia inapovutwa.

Ninachokiona kinaweza kufanya kazi ni kidogo na cha karibu. Vijiji vya Mufindi vimechimba mabwawa ya samaki, na perege anafugwa. Perege wa bwawani hana majivuno ya trauti: anakula nyungunyungu na kipande cha ugali, na rili ya mwaka 1955 iliyotengenezwa vizuri inamleta ukingoni kama ilivyomleta yule mwingine. Mwenye bwawa akikubali, Jumamosi moja inatosha kumwonyesha kijana kile ambacho maneno hayamwonyeshi. Kwenye mito na mabwawa ya umma kuna leseni, kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi ya 2003, na ni vizuri vijana waanze kwa kuijua. Shule ya ufundi inayofundisha gia kwa michoro ubaoni ingepata, kwa rili tatu mbovu zilizookolewa kutoka kwenye chakavu, somo ambalo mwanafunzi hatalisahau.

Sidai kwamba haya yatafufua hobi yenye maelfu ya watu. Haikuwahi kuwa nao huku. Rili zilizobaki ni chache, waliozitumia wamezeeka au wamefariki, na waliozifuta wanafuata. Miaka kumi ijayo kazi hii ya kuziokoa rili na habari zake haitawezekana kwa sababu ya kukosa mashahidi, hata kama vitu vitakuwapo.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa aliye na rili ya zamani kabatini au stoo, awe Igowole, Kibao, Mafinga, Njombe au Tukuyu. Usiipeleke kwenye mizani. Andika kwenye karatasi ilitoka kwa nani, ilitumiwa wapi na ni nani aliyekuwa akiisafisha. Majina ya waliosafisha yana thamani sawa na ya waliovua. Kisha ipeleke kwa fundi simu unayemwamini, mpe pamoja na karatasi hiyo, na umruhusu aifungue.