Bonde la Kerio: Kuteremka ndiko huumiza, si kupanda

IKIWA wewe hukimbia asubuhi mjini na umechoshwa na moshi wa magari, huenda umewahi kufikiria kwenda Iten mwishoni mwa juma ili ukimbie mahali wanapofanyia mazoezi mabingwa wetu. Wazo hilo ni zuri. Lakini wageni wengi wakishafika huko hawatosheki na barabara za changarawe za huko juu. Husimama ukingoni, wakaliona Bonde la Kerio likiwa limetanda chini yao, wakatamani kushuka hadi bondeni na kurudi siku hiyo hiyo.

Huo ni mzunguko mgumu, na ugumu wake hauko pale watu wanapoutarajia. Wengi huogopa kupanda, ilhali kinachowaangusha ni kuteremka.

Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Sehemu ya chini ya bonde iko karibu mita 1,200. Mkimbiaji hushuka kwa njia za miguu za wenyeji na mifugo yao, zenye mawe na vumbi linaloteleza, hadi pande za Biretwo. Kisha hurudi juu kwa barabara ya lami inayotoka Kabarnet, akipitia Tambach, mji ulio katikati ya mteremko ambao ulikuwa makao ya utawala wa wilaya enzi za ukoloni. Wakeiyo waliishi kwenye ngazi hizo za mteremko kwa vizazi vingi, wakishuka bondeni na kupanda kama jambo la kila siku. Ng'ambo ya Mto Kerio kuna Milima ya Tugen. Huko, mwaka 2000, yalichimbuliwa mabaki ya kiumbe aliyeitwa Orrorin tugenensis, aliyeishi miaka karibu milioni 6 iliyopita. Mfupa wake wa paja ndio uliowafanya watafiti waseme kwamba alitembea kwa miguu miwili.

Paja ndilo tunalotaka kulizungumzia hapa. Unapopanda, misuli hujikunja ili kuusukuma mwili. Unapoteremka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki: huvuta huku inanyooshwa. Kazi hiyo hupasua nyuzi ndogo ndogo za misuli. Hatari ni kwamba huhisi lolote mapema. Moyo haukimbii sana, mapafu hayalalamiki, mandhari ni ya kuvutia, na mtu huongeza mwendo. Anapofika chini mapaja huanza kutetemeka, na ndipo safari ya kupanda inapoanza. Maumivu yenyewe huja baadaye, na huwa makali zaidi baada ya siku moja hadi tatu.

Jambo la pili ni joto. Hewa huongezeka joto kwa nyuzi 6 au 7 hivi kwa kila mita 1,000 unazoshuka. Kwa hivyo, aliyeondoka Iten akiwa amevaa sweta hukuta bondeni kuna joto zaidi kwa nyuzi 7 au 8, na jua linazidi kupanda. Jambo la tatu ni hewa. Huko Iten shinikizo la hewa ni kama robo tatu tu ya lile la pwani. Mkazi wa Nairobi, ambayo iko karibu mita 1,700, huona tofauti. Mkazi wa Mombasa huiona zaidi. Katika mzunguko huu unarudi kwenye hewa nyepesi ukiwa tayari umechoka. Kutembea sehemu zenye mwinuko mkali si aibu. Hata wakimbiaji hodari wa milimani hutembea.

Maji nayo yanahitaji busara. Anayekunywa machache mno huishiwa nguvu na joto la mwili hupanda. Lakini anayejilazimisha kunywa lita baada ya lita huweza kupunguza chumvi katika damu hadi kiwango cha hatari. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kichefuchefu na kuchanganyikiwa. Njia bora ni kubeba maji ya kutosha, kunywa kulingana na kiu na kula kitu chenye chumvi njiani.

Mwenzako akianza kuyumba au kusema maneno yasiyoeleweka, usimwambie ajikaze. Mlaze kivulini, mpunguze nguo, mmwagie maji mwili mzima na umpepee huku mkitafuta gari la kumpeleka hospitali. Joto la mwili likipita nyuzi 40, kila dakika ina thamani. Aidha, mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, siku hiyo au siku zinazofuata, mwone daktari mara moja. Ni ishara kwamba misuli iliyoharibika inamwaga vitu katika damu vinavyoweza kuziba figo. Kwa sababu hiyo, usimeze dawa za maumivu aina ya ibuprofen kabla ya mbio wala wakati wa mbio. Dawa hizo huzidi kuzipa figo mzigo mwili unapokuwa umepungukiwa maji.

Habari njema ni kwamba misuli hujifunza haraka. Zoezi moja tu la kuteremka kwa kiasi huikinga kwa wiki kadhaa. Basi anza wiki sita au nane kabla ya safari. Mara moja kwa juma tafuta mteremko, kwa mfano Milima ya Ngong, na uushuke taratibu kwa hatua fupi, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Tazama mita chache mbele yako, si vidoleni. Vaa viatu vyenye soli ya meno na ukate kucha za miguu.

Wenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, kisukari au magoti mabovu wapate kwanza ushauri wa daktari. Nenda na mwenyeji anayezijua njia, na uondoke alfajiri. Kwenye barabara ya lami kimbia upande wa kulia ili uyaone magari yanayokuja. Epuka msimu wa mvua kubwa; Aprili 2020 maporomoko ya ardhi yaliwaua watu Chesegon, upande wa kaskazini. Ukilala bondeni tumia chandarua, na ukipata homa wiki chache baada ya kurudi mjini, mwambie daktari ulikotoka. Hiyo inaweza kuwa malaria.

Mwisho, fanya uamuzi wako ukiwa Biretwo, si katikati ya mlima. Simama dakika kumi kivulini. Jaribu kuchuchumaa na kuinuka mara tano. Mapaja yakikataa, panda matatu urudi Iten ukanywe chai. Bonde litakungoja hadi safari nyingine, lakini figo zilizoharibika huenda zisipone.